Mwaka Punda Wetu Walipokuwa Vidhibiti

Mwezi uliopita nilikwenda Majengo kwenye msiba wa Bwana Mwinshehe. Niliketi mkekani pamoja na wanawake wengine, khanga nimejitanda mpaka kwenye paji la uso, na kabla jeneza halijatolewa mtoto wake mkubwa akasimama mlangoni akasema maneno ambayo kwa wenzetu Waislamu husemwa kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, aonane na familia, na kama yupo ambaye marehemu alimkosea, amsamehe, ili mzee wetu aende akiwa mwepesi. Wanawake wakaitikia, "Tumemsamehe." Mimi nilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu, ambaye simjui, akanigusa goti na kuninong'oneza, "Itikia, mama, ni thawabu." Nikamwambia, "Mimi Mkristo." Akaridhika. Lakini Ukristo haukuwa sababu, kwa kuwa dini yangu nayo inaniamuru kusamehe, tena bila kuchoka. Sikuwa nimekwenda pale kusamehe. Nilikwenda kuhakikisha kwamba amekufa kweli.

Yule kijana aliendelea. Akasema baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mkoani kwetu kufanya biashara ya nafaka kwa uhuru pale serikali iliporuhusu, na kwamba wengi wa Majengo wamejifunza kwake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hakuongopa. Aliacha tu sehemu moja, na sehemu hiyo ninayo mimi, na sioni sababu ya kuizika pamoja naye.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa wote wawili, na juu ya hilo sitasema zaidi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kwa hiyo hata barua ya serikali niliisoma kwa kidole. Tulikuwa watatu kwenye nyumba ya tembe pale Ihumwa, karibu na reli: mimi, mdogo wangu Raheli, na Stefano, kitinda mimba wetu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na uzio wa miiba nyuma. Chumba cha ndani tulilala sisi. Cha mbele kilikuwa cha magunia, kamba za ngozi, na harufu ya punda ambayo haikutoka hata ukikipiga maji. Treni ya mizigo ikipita, paa la udongo lilitetemeka na vumbi lilidondoka kwenye bakuli la mlenda, na Raheli, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, alikuwa akisema, "Kuleni, reli imeshatutilia chumvi." Chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani madukani, na sabuni vilevile. Tulikula ugali wa uwele tukiupata, na usipopatikana tulikula mlenda peke yake na kuuita mchuzi.

Kilichotuweka pamoja ni punda watatu. Jike mmoja na madume wawili. Jike Raheli alikuwa amempa jina la Shangazi, kwa sababu alikwenda alikotaka na hakuna aliyethubutu kumsema. Shangazi ndiye aliyetangulia. Madume walimfuata hata gizani. Nilikuwa nakwenda nao hadi Mlali, ambako mvua za milimani huwa zinawahurumia watu, nanunua mahindi kwa wakulima, napita nayo porini, na kumuuzia Bi Zuhura aliyekuwa na kibanda chake Majengo. Faida yetu tulikuwa tunaichukua kwa mahindi yenyewe. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa ameshaniambia waziwazi. Alikaa kwenye kigoda chetu, akanywa uji wetu, akasema, "Yuditi, nyumba isiyo na unga si nyumba. Mvua za mwakani zikianza na hapa ndani bado hamna akiba, Raheli namchukua mimi, Stefano atakwenda kuchunga kwa baba yenu mdogo, na wewe utatafutiwa mume. Sisemi kwa ubaya." Na kweli hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana niliogopa.

Sasa hapo ndipo sheria inapoingia. Nchi ilikuwa imeishiwa, na nchi ikiishiwa huanza kutafuta mwizi. Tuliambiwa kwenye mikutano kwamba bidhaa zipo, ila zimefichwa na walanguzi. Mwenye duka akikutwa na katoni ya sabuni uvunguni alikuwa mlanguzi. Mwenye lori alikuwa mlanguzi. Na mwanamke mwenye mahindi ya kuvusha kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali naye alikuwa mlanguzi. Kibali chenyewe kilitolewa ofisini kwa watu waliokuwa na kiti cha kukalia ofisini. Barabarani wakaweka geti la mti mrefu uliochorwa rangi, na kulisimamia akawekwa Bwana Mwinshehe. Watu walimwita Bwana Geti. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye viatu vya ngozi vilivyong'aa siku zote katikati ya vumbi lile, na alikuwa anakukamata huku anakutania.

Mimi sikupita getini. Nilikuwa napita mbali, kwenye vichaka, na misimu yote hiyo hakunikamata. Kilichonikamatisha ni kiu. Ukame wa mwaka ule ulikausha visima vyote vya upande wetu, kikabaki kimoja chenye maji, nacho kilikuwa nyuma ya geti, hatua chache kutoka kibanda cha Bwana Mwinshehe. Kiangazi chote tuliwanywesha punda pale, kila asubuhi, watupu, bila mzigo, na yeye alikuwa ananisalimia. Basi siku moja narudi Mlali na magunia, mimi na Raheli, tumechoka, tumeshafika pale njia ya vichakani inapochepuka. Shangazi akasimama, akanusa upepo, akageuka kuelekea kisimani. Nilimvuta kamba, nikamsukuma kwa bega, Raheli akamkamata mkia. Mtu yeyote anayewajua punda anajua kwamba punda mwenye kiu aliyesikia harufu ya maji hana mwenyewe. Akatembea moja kwa moja, madume nyuma yake, magunia ya mahindi mgongoni, mpaka kwenye birika la kunyweshea lililo mbele ya kibanda, akainamisha kichwa na kuanza kunywa.

Bwana Mwinshehe alitoka na kikombe cha chai mkononi. Akawatazama punda, akatutazama sisi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Leo mmeniletea wenyewe?" Akacheka hadi chai ikamwagika. "Walanguzi wote mkoani wana akili, isipokuwa wa Ihumwa. Kibali kiko wapi?"

"Bwana, hatuna. Tuna njaa."

"Njaa haina muhuri," akasema. Akaamuru magunia yashushwe.

Magunia yale sikuyaona tena. Tuliambiwa yamekwenda ghala la serikali, na labda yalikwenda. Punda walifungwa kwenye uwanja nyuma ya kibanda, na mimi nikapelekwa mahakamani. Hakimu alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi, na nadhani hata yeye ilikuwa mara yake ya kwanza kuletewa kesi ya punda. Bwana Mwinshehe akasimama akaeleza kwamba punda wametumika kutenda kosa, kwa hiyo ni vidhibiti, na vidhibiti havirudishwi mpaka kesi iishe. Hakimu akauliza, "Watalishwa na nani? Serikali haina fungu la majani." Watu wakacheka. Karani akamnong'oneza jambo. Hakimu akakohoa, akasema kidhibiti kinatakiwa kifike siku ya hukumu kikiwa katika hali ileile, na kwa kuwa mshitakiwa ndiye anayewajua, mshitakiwa awalishe na kuwanywesha palepale kizuizini kila siku. Shauri likaahirishwa, upelelezi haujakamilika.

Nimeishi na watu wengi waliosoma, na nina mjukuu anayesoma sheria chuoni hapahapa Dodoma, na kila nikisimulia sehemu hii wanacheka kama walivyocheka watu siku ile. Nami huwa nawaacha wamalize. Halafu nawaambia waamke kabla ya jua, wabebe pumba kichwani, watembee kutoka Ihumwa mpaka getini, wamlishe mnyama wao aliyefungwa na mtu mwingine, halafu warudi nyumbani mikono mitupu kutafuta kibarua. Tulifanya hivyo msimu mzima wa kilimo. Wenzetu walikuwa wanapanda uwele, sisi tunalisha ushahidi. Raheli ndiye aliyekwenda mara nyingi, kwa sababu mimi nilipata kazi ya kupepeta nafaka kwa Bi Zuhura, na Bi Zuhura alikuwa ananilipa kwa chenga za mahindi na kwa chakula cha mchana kwenye chumba chake cha nyuma. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vyote vya ujana wangu: kitanda cha samadari, pazia la maua, harufu ya pilau aliyopika kila Ijumaa hata wakati mchele ulipokuwa haupatikani, sijui aliutoa wapi, wala sikuuliza.

Nikiwa nimeinama juu ya ungo pale, ndipo niliposikia. Wanaume wawili walikuwa barazani wanakunywa kahawa, na mmoja akasema, "Nyumba ya Mwinshehe inapanda haraka. Saruji anaipata wapi?"

"Saruji si kitu," mwingine akajibu. "Usafiri ndio kitu. Yeye ana punda wa mahakama."

Wakacheka. Bi Zuhura alinitazama nilivyoacha kupepeta. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya pembe za ndovu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Endelea kupepeta, mwanangu," akasema. "Ukilia humo mahindi yatalowa."

Siku iliyofuata nilikwenda getini mwenyewe. Shangazi alikuwa amesimama, lakini mgongoni ngozi ilikuwa imechubuka pande zote mbili mpaka nyama ikaonekana, na kwenye majeraha kulikuwa na vumbi la kijivu lililoganda gumu kama ukuta. Nililigusa kwa ukucha. Nikamwendea Bwana Mwinshehe, nikamwambia, kwa heshima, maana nilikuwa bado na heshima, "Bwana, hakimu alisema wabaki katika hali ileile."

"Na wako katika hali ileile," akasema. "Walikuwa punda, na bado ni punda. Au wewe uliwaacha wakiwa ng'ombe?"

Kila mwezi niliitwa mahakamani, na kila mwezi upelelezi ulikuwa haujakamilika. Nilitaka kusema habari ya saruji. Hakimu aliniambia nitapewa nafasi yangu siku ya kusikilizwa. Nikaisubiri siku hiyo. Nilikuwa nayakariri njiani maneno nitakayosema, nikiwa na pumba kichwani. Sikutaka tena kuachiwa huru. Nilitaka asimame mbele ya watu, aulizwe, na ajibu.

Shangazi alikufa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Raheli alimkuta asubuhi amelala ubavu na kamba bado shingoni. Alirudi mbio mpaka Ihumwa akiwa analia njia nzima kwamba Shangazi amefariki, na jirani mmoja ambaye hakutujua vizuri alikuja jioni na bakuli la unga kutupa pole ya msiba. Raheli akalipokea. Tuliula ule unga, na hatukumweleza. Bwana Mwinshehe aliandikisha kwamba punda amekufa kwa ugonjwa.

Haikupita muda sheria ikageuka. Waliokuwa juu waliona, nadhani, kwamba kukamata hakuzai mahindi. Redioni ikatangazwa kwamba kuanzia sasa mtu anaweza kusafirisha nafaka yake popote, ruksa, bila kibali. Mti wa geti ukang'olewa. Wiki hiyohiyo mtu alikuwa ameufanya boriti. Nikaitwa mahakamani mara ya mwisho. Nilivaa gauni la mama. Hakimu alikuwa amechoka zaidi na kikohozi kimezidi. Akasema, "Binti, shitaka limeondolewa. Sheria imebadilika. Huna kosa. Kachukue punda wako uende nyumbani."

"Mheshimiwa," nikasema, "mmoja amekufa."

"Nimeona hapa."

"Alibebeshwa saruji."

Hakimu alifunga jalada. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma, "Alikufa wakati wa sheria ya zamani. Kesi hiyo haipo tena. Siwezi kusikiliza jambo ndani ya kesi ambayo haipo."

Nilisimama pale mpaka karani akaita jina la mtu mwingine. Watu husema sheria ile ilikuwa mbaya na iliyofuata ilikuwa nzuri, na wakihesabu mahindi sokoni labda ni kweli. Mimi ninachojua ni kwamba zote mbili zilipita juu yetu kama treni juu ya reli. Ya kwanza ilikuja kwa sababu nchi imeishiwa, ikatukamata. Ya pili ilikuja kwa sababu ya kwanza imeshindwa, ikatuachia. Hakuna iliyosimama kuuliza katikati hapo nani alibebeshwa na nani alibebesha. Aliyekuwa na geti jana ndiye aliyekuwa na lori leo, na tuliokuwa walanguzi tukaambiwa hongereni, sasa ninyi ni wafanyabiashara.

Bwana Mwinshehe hakupoteza hata juma moja. Alizijua njia zote za vichakani kwa kuwa ndizo alizokuwa anavizia, na alimjua kila mkulima mwenye akiba kwa kuwa aliwahi kumpekua. Akaanza kununua mahindi Mlali. Nilikutana naye sokoni Majengo, akanisimamisha kama mjomba ambaye hajaniona siku nyingi. "Yuditi. Habari za punda? Yale yalikuwa mambo ya kazi, yamekwisha. Sasa sote tuko kwenye biashara moja." Akanipa mkono. Nikautazama mpaka akaurudisha.

Mimi nilibaki na madume wawili wenye vidonda. Ilichukua muda mrefu kabla hawajaweza kubeba. Shamba hatukuwa tumelima. Hivyo ilipofika mwezi wa kumi na moja, mawingu yanaanza kujikusanya upande wa milima, chumba chetu cha mbele kilikuwa na harufu ya punda tu. Mjomba akatuma salamu kwamba anakuja. Nikamwacha Stefano kwa Bi Zuhura, nikawachukua madume na Raheli, tukaenda Mlali kutafuta chochote.

Tulichokikuta ni hiki. Njia itokayo Mlali kuelekea barabara kubwa inakatwa na korongo pana la mchanga. Kiangazi lori linavuka. Lakini mvua ilikuwa imeshanyesha juu milimani, mchanga umelegea, na dereva wa lori alilokodi Bwana Mwinshehe alikuwa amekataa kushuka. Lori likasimama ng'ambo, upande wa barabara, na turubai la kufunikia mahindi ndani yake. Upande wetu, kwenye ukingo, palikuwa na rundo la magunia ya mahindi yaliyoletwa na mikokoteni ya ng'ombe, na wenye mikokoteni walikuwa wamekwisha ondoka. Anga lilikuwa jeusi. Mahindi yale yangelowa, yote yangechipua. Kilichohitajika ni punda wa kuvusha, na punda walikuwapo: wenye punda wa Mlali walikuwa wamekaa kwenye ukingo wakiwa na wanyama wao, wanatafuna ubuyu na kumtazama. Kila mmoja wao aliwahi kusimamishwa getini.

"Mbukwa," nikamsalimia mkubwa wao, Mzee Yonathani.

"Mbukwa, binti. Umefika wakati mzuri. Bwana Geti ana shida."

Bwana Mwinshehe alikuwa anatembea huku na huku, viatu vimejaa mchanga. "Jamani, ninatoa gunia zima kwa kila atakayenivushia kumi. Nani amewahi kuwapa hivyo?"

Mzee Yonathani akatema mbegu. "Kibali kiko wapi?"

"Kibali gani? Sheria hiyo haipo."

"Sisi watu wa porini," akasema mwingine, "habari hutufikia zimechelewa. Tunaogopa kukamatwa."

"Upelelezi haujakamilika," Raheli akasema, na wote wakaangua kicheko. Yeye alikuwa hacheki.

Bwana Mwinshehe akaniona. Akaja kwangu moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Yuditi, hawa wanakusikiliza. Habari za yule punda wako wanazo. Waambie. Nitakupa nusu ya mzigo huu. Nusu. Najua hali ya nyumba yenu."

Nusu ya rundo lile ilitosha kutufikisha mavuno mawili. Nilimtazama Raheli, mifupa ya mabega yake ilivyotokeza kwenye gauni. Mtu mwenye hekima angekubali. Nilifikiria pia kukataa kabisa, nikae, niangalie mvua ikimaliza kazi. Lakini mvua ingemtia hasara tu, na hasara mtu huisimulia barazani akapewa pole. Nilitaka kitu kingine.

Nikasimama ili wote wanisikie. "Gunia utakalolibeba mwenyewe mgongoni ukalivusha, ni lako. Litakalobebwa na punda, ni la mwenye punda."

"Huo ni wizi."

"Ni sheria. Imeanza leo."

"Imepitishwa na nani?"

"Na marehemu Shangazi," Raheli akasema.

Bwana Mwinshehe akawatazama wenye punda mmoja mmoja. Akamwita dereva kule ng'ambo aje asaidie kubeba, dereva akajibu akiwa ameegemea lori, "Mimi umekodi gari, bwana, hukukodi mgongo." Ngurumo ikapita milimani. Bwana Mwinshehe akavua viatu vyake, akaviweka juu ya jiwe vikiangaliana, akapiga goti kando ya rundo. Wanaume wawili wakamtwisha gunia, kwa adabu, kama wanavyotwishwa punda: polepole, wakihakikisha limekaa sawa.

La kwanza alilivusha kwa hasira. Alipokuwa anapanda ukingo wa ng'ambo na lile la pili, akititia mchangani hadi kwenye vigimbi, Raheli akampigia mluzi, ule tunaowapigia punda wakisita mlimani. Wengine wakaupokea. Korongo lote likalia mluzi. Akarudi akiwa hatazami mtu, shati limeshikana na mgongo, na pale bega lilipochubuka palikuwa pekundu. Sikuondoa macho. Alibeba la tatu, akabeba tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha kwenye ukingo, watu wameanza kutazama pembeni, na Mzee Yonathani akanisogelea. "Binti, inatosha. Ni mtu mzima."

"Shangazi naye alikuwa mtu mzima," nikasema.

Alipopita katikati ya korongo nguvu zikamwishia. Akaanguka kifudifudi na gunia juu yake, akabaki hapo, mikono imechimba mchanga. Hakuna aliyekwenda, walikuwa wananingoja mimi. Nikashuka. Nikachuchumaa mbele ya uso wake, karibu kama ninavyokaribia kumnywesha mnyama. Tukasikia kwa mbali sauti ya maji yanayoshuka kutoka juu.

"Nitoe," akasema.

"Punda wangu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Alifumba macho. "Niliwabebesha saruji."

"Wamesikia?"

Akasema tena, kwa sauti. Ukingo mzima ukasikia. Nikamwinulia gunia lile, nikaliweka kwenye bega langu mwenyewe, nikaliacha kwenye ukingo wa ng'ambo pamoja na mengine yake, maana alikuwa amelibeba zaidi ya nusu ya njia na sheria yetu haikuwa ya dhuluma. Kisha wenye punda wakainuka wote kwa pamoja. Kabla maji hayajafika, rundo lilikuwa limekwisha, limetawanyika kwenye migongo kuelekea Mlali, na madume wangu wawili walikuwa wamekwenda na kurudi hadi nikawaonea huruma. Yeye alikaa ng'ambo juu ya magunia yake machache, peku. Viatu vilibaki upande wetu. Maji yalipopita kwenye lile jiwe yalivichukua.

Alipiga kelele kutoka kule kwamba tulichofanya ni jinai, kwamba atakwenda mahakamani. Mjukuu wangu ananiambia alikuwa sahihi, na ananitajia jina la kosa lenyewe na kifungo chake. Nilingoja samansi msimu wote wa mvua. Kila nilipoona mtu mwenye karatasi anapita relini nilisimama mlangoni nikiwa tayari, nimeshaliweka kando gauni la mama, kwa sababu kama ingekuja, hatimaye ningepata siku yangu ya kusikilizwa. Haikuja. Alijua ni swali gani lingeulizwa kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa amenunua lori lake mwenyewe, akatajirika kama mtoto wake alivyosema, na kwa muda wote uliobaki wa maisha yake hakununua tena mahindi upande wa Mlali. Akiniona Majengo alikuwa anavuka barabara.

Mjomba alifika Ihumwa siku ya pili baada yetu. Alikuja na kamba ya kufungia mizigo ya watoto. Akaingia chumba cha mbele akasimama, kwa sababu hapakuwa na pa kupita. Magunia, ambayo punda wa Mzee Yonathani na wenzake walisaidia kuyaleta, yalikuwa yamepangwa kutoka ukutani hadi mlangoni. Akayapapasa moja moja. Raheli alikuwa ameinama jikoni anasonga ugali, wa mahindi matupu, mweupe, wa kwanza tangu mwaka uanze.

"Haya mmeyapata wapi?" mjomba akauliza.

"Tumeshinda kesi," Raheli akasema, wala hakuinua macho kwenye sufuria.

Mjomba alikula, akanawa, akaikunja kamba yake, akarudi kwao peke yake.